Achari Isiyoguswa na Moto

Siku ya ishirini na mbili baada ya kumzika mkewe, Joram Ondiek alikaa nyuma ya meza ya marehemu sokoni Mamboleo tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyenunua hata kichwa cha samaki. Ngege wanane aliowakaanga kwa mkono wake mwenyewe walilala ndani ya beseni wakikodoa macho, kama watu waliosahauliwa kwenye foleni ya hospitali. Waliopita walimsalimu kwa heshima na kumpa pole. Mama mmoja alimwambia Mungu atamtia nguvu, kisha akasogea meza ya tatu akanunua samaki wadogo kuliko wake, tena walioungua mikia.

Haikuwa chuki. Hilo ndilo lililomuuma, maana chuki angejua namna ya kuijibu. Ilikuwa chola, ule uzito wa msiba ambao Wajaluo husema humganda mtu aliyefiwa na mwenzake, mpaka amwote marehemu usingizini na wazee wamtoe. Kabla ya hapo moto wake ni moto wa msiba, na kilichopikwa juu yake huliwa na watu wa nyumba yake peke yao. Joram alikuwa hajamwota Milka. Kila alfajiri aliamka kichwa kitupu kama debe.

Obonyo, katibu wa soko, alikuja jioni ile na daftari kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na Joram alikwisha kuona kwamba mtu wa sheria anaweza kukunyonga huku anakuombea dua. Alimkumbusha kwamba meza isiyouza kitu kwa siku thelathini hupewa mwingine, na kwamba wanawake kumi na saba walikuwa wameandikisha majina wakingoja. Meza ya Milka ilikuwa imebakiwa na siku nane.

"Na hii si kuuza?" Joram akaonyesha beseni lake.

"Kuuza ni mtu anunue, Mzee. Wewe unaonyesha tu."

Wauza nyanya wa meza ya jirani wakacheka, kisha wakakumbuka kuwa ni mfiwa, wakainama kupanga nyanya zilizokuwa zimeshapangwa.

Nyumbani walikula samaki wale siku tatu. Bintiye, Caren, alikuwa na mimba ya miezi minane na mume ambaye simu yake ilizimika tangu mwezi wa pili, mahali fulani kati ya Malaba na Kampala. Alisema mtoto wake atazaliwa na magamba. Joram hakucheka. Tegemeo la nyumba ile lilikuwa jambo moja tu: meza ishikwe mpaka mtoto azaliwe na Caren aweze kukaa pale alipokaa mama yake. Kwa ajili hiyo Joram alikuwa ameondoka kijijini siku ya kumi, kabla nyasi za hema la matanga hazijainuka, na shemeji zake wakasema huyu amemzika Milka kama mtu anayekimbilia gari.

Waseme. Wao hawakuwa hospitalini siku ile mtungi wa hewa wa Milka ulipoletwa ukiwa mtupu, ukarudishwa, ukaletwa mwingine, nao mtupu. Joram alikuwepo. Tangu siku ile alikuwa na hotuba kifuani, ndefu, yenye majina ya kila mkubwa aliyewahi kumwona amesimama juu ya gari na kipaza sauti, na alikuwa akingoja siku ya kuitoa.

*

Aliyekuja na wazo alikuwa Nabututu. Meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, ilipakana na ya Milka, na kwa miaka kumi na tano wanawake hao wawili waligawana kivuli cha mwavuli mmoja. Alikuwa Mnyala wa Port Victoria, aliyeolewa na Mjaluo na kumzika, na ulimi wake haukujua kukaa ndani ya mdomo.

"Shemeji, wewe unapigana na watu juu ya moto," alimwambia, amesimama mlangoni bila kuingia. "Uza kitu haina moto. Uza achari."

Akaeleza kwamba watu hawakuwa wakija kwa Milka kwa sababu ya samaki. Samaki wamejaa ziwani. Walikuja kwa sababu ya kile kijiko cha achari aliyoweka kando ya kila sahani: karoti, kabeji, vitunguu na pilipili, ndani ya siki yenye utamu kidogo. Si ile achari ya Wahindi inayoanikwa juani wiki nzima. Ni ya siku moja, unaitengeneza jioni na kesho inaliwa. Milka alifundishwa na mama mmoja wa nyuma ya msikiti, ambaye alimfulia nguo kabla hajapata meza.

"Achari haipikwi," Nabututu akasema. "Mimi nitawaambia hivyo. Nitasema hii haijaona moto. Si ni kweli?"

"Ni kweli," akajibu Joram, ambaye katika miaka ishirini na tisa ya ndoa hakuwahi kusimama jikoni kumtazama Milka akiitengeneza.

"Unaniapia? Maana nikishasema mbele ya wale wanawake, mdomo wangu ndio uko kwa meza."

Joram akaapa kwa kaburi la Milka.

*

Caren alikaa juu ya kigoda, mgongo ukutani, akawa anamwelekeza. Joram alikata karoti vipande vinene.

"Baba, unapasua kuni?"

Akachukua kisu akamwonyesha: nyembamba, mpaka uone mwanga upande wa pili. Kabeji ilikatwa kama uzi, ikanyunyiziwa chumvi, ikaachwa itoe maji, kisha ikakamuliwa kama nguo. Vitunguu vikafuata. Joram alitokwa machozi na hakuyafuta, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishi yalikuwa na sababu isiyohitaji maelezo. Chupa kumi na nne za siagi ya karanga, ambazo Milka alizikusanya na kuziosha moja moja, zilikuwa zimepangwa sakafuni. Mboga zikashindiliwa ndani, rangi juu ya rangi, hata Joram mwenyewe akakiri kwamba zilipendeza.

"Sasa weka sufuria jikoni," Caren akasema. "Maji kikombe, siki kikombe, sukari na chumvi. Ikichemka vizuri unamwagia ikiwa moto hivyo hivyo, unafunga."

Joram alikuwa ameshika chupa ya siki. Akaiweka chini.

"Ikichemka?"

"Mama alikuwa anachemsha."

"Nabututu amesema haijaona moto."

"Si mboga inachemshwa, Baba. Ni maji tu."

"Maji yakiona moto wangu, yameona moto wangu. Unataka yule mama asimame mbele ya soko zima aseme uongo, na mimi nimeapa kwa kaburi la mama yako?"

Caren akamwambia polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, kwamba maji ya mfereji yalikuwa ya rangi ya chai tangu zile mvua zilizofurisha Ahero, na kwamba kila nyumba mtaani ilikuwa inachemsha. Hapo alikuwa amegusa kidonda. Joram alianza na waliopewa kandarasi ya mifereji wakanunua magari, akapita kwa diwani ambaye nyumbani kwake maji huletwa na lori, akamalizia kwa zahanati iliyokuwa ikigawa dawa ya maji bure, na sasa wanakuuliza kama unamjua mbunge. Alisema yote hayo kwa haki. Hakuna neno hata moja alilolizua. Ila alipomaliza, maji yalikuwa bado ya rangi ya chai.

"Basi nunua hiyo dawa dukani."

"Siki inatosha. Siki inatoa kutu kwa msumari. Itashindwa na mdudu hata haonekani?"

Caren alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma, miguu ilivimba, na alikuwa ameshabishana na baba yake maisha yake yote bila kushinda hata mara moja. Joram aliyachuja maji yale kwa leso safi ya Milka, mara mbili, mpaka yakaonekana meupe. Akachanganya na siki, sukari na chumvi, akakoroga muda mrefu kwa kuwa sukari haikutaka kuyeyuka kwenye maji baridi, akamimina. Alifunga vifuniko kwa nguvu. Caren hakuonja, siki ilikuwa ikimchoma kifua tangu mimba ianze.

*

Siku ya ishirini na sita Nabututu aliacha omena yake akawa mpiga debe. Aliita watu kwa majina. Wakaja, wakazitazama chupa zile, wakasifu rangi, wakarudisha mikono nyuma. Mama mmoja mzee, anayeitwa Mama Lornah, mwenye kujua mila kuliko mchungaji anavyojua Biblia, alimkazia Joram macho.

"Jaduong', mzee wangu, hii haikupita kwa moto wako?"

Joram akainua mkono wa kulia. "Haikupita, mama. Hata kidogo."

Alisema bila kupepesa, na wote wakaona kwamba ni kweli. Hata hivyo hakuna aliyesogea. Kukubali ni jambo moja na kuwa wa kwanza ni jambo jingine. Ndipo Nabututu alipofungua chupa moja, akaingiza vidole, akala. Hakula kwa kuonja. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, akitafuna kwa kelele, maji ya siki yakimtiririka kidevuni, mpaka chupa ikafika nusu.

"Kama chola inapita kwa karoti, mimi ndiyo nitaenda mbele," akasema huku akilamba kidole gumba. "Lakini mnizike kwetu Port. Huku kwenu udongo ni mzito."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikalegeza mikono. Kufikia saa nane chupa zote zilikuwa zimeondoka. Obonyo akafika, akahesabu nafasi tupu mezani, akaandika katika daftari lake kwamba meza ya marehemu Milka imeuza. Joram alimwomba amwonyeshe palipoandikwa. Hakuweza kuyasoma maandishi yale ya haraka, ila jina la mkewe alilitambua. Jioni ile alicheka peke yake njiani, mwendesha boda mmoja akamuuliza kama amekunywa.

*

Siku mbili baadaye meza ya omena ilikuwa tupu. Nabututu alikuwa ameanza kuhara na kutapika usiku, na asubuhi mwanawe, Okinyi, alimfunga kwa shuka mgongoni pake juu ya pikipiki akampeleka hospitali. Kufikia adhuhuri zikaja habari za wengine wawili. Soko halikuhitaji daktari. Liliamua lenyewe, kwa sauti ya chini, likiwa linamtazama Joram kwa huruma iliyomkata kuliko kisu: chola si kitu cha kuchezewa, na yule mama mgeni alijifanya shujaa.

Obonyo alimfuata nyumbani. Hakuwa na daftari. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akazungumza kama mtu anayetoa siri ya ndugu. Alisema maneno ya watu yalikuwa yanamsaidia Joram, hata kama yanauma. Ikiwa ni chola, wazee watakaa, jogoo atachinjwa, maombi yatafanywa, na meza itamngoja, kwani hakuna sheria ya kumfungia mtu kwa sababu ya mila.

"Lakini ikisemwa ni uchafu, afisa wa afya atakuja. Atafunga meza, na jina la nyumba yako halitaandikwa tena katika soko hili. Si lako, si la huyu msichana. Kwa hivyo Mzee, usiongee mingi. Wacha ikae chola."

Alipoondoka, Caren alibaki ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Baba, ni ile maji."

"Najua."

Alichukua koti lake.

*

Lango la hospitali lilikuwa lile lile, na mlinzi alikuwa yule yule. Joram alikuwa ameapa kwamba hatalivuka tena ila akiwa amebebwa. Hotuba ilimpanda kooni alipopita dirisha la malipo, ikashuka aliposikia kelele kutoka wodi ya wanawake.

Nabututu alikuwa kitandani, amelala pamoja na mgonjwa mwingine, miguu ya huyu kichwani pa yule. Mtu aliyemjua siku mbili zilizopita akiwa mnene na mwenye kelele alikuwa amenyauka kama omena zake, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Dripu ilikuwa ikidondoka mkononi mwake. Okinyi alikuwa ameshafungasha begi. Pamoja na ami yake, walitaka kumpeleka kwa mganga upande wa Ahero akanyweshwe manyasi, dawa ya kuondoa mkosi, kabla jua halijatua. Daktari aliyewazuia alikuwa kijana wa mjini, jina lake Mujahid, na macho yake yalionyesha hajalala tangu jana.

"Mkitoa hii sindano hafiki Ahero," alikuwa akisema. "Anahitaji maji, chupa nyingi, mpaka kesho kutwa. Nawaomba."

"Daktari, huu si ugonjwa wa sindano. Mama alikula kwa mkono wa chola. Utajaza maji mpaka lini?" Okinyi akageuka, akamwona Joram mlangoni. "Mwulize huyo. Ndiye huyo."

Wodi nzima ikamtazama. Ilikuwa rahisi. Hakuhitaji hata kusema uongo, kunyamaza kungetosha. Okinyi angemchukua mama yake kwa mila yao, Obonyo angelinda meza kwa sheria yake, na kila mtu angesema mfiwa hana kosa, ni msiba tu. Aliwaza Caren akiwa na mtoto mgongoni, amekaa mahali pa mama yake. Akaiona picha hiyo vizuri sana, mpaka mwavuli.

"Okinyi," akasema, "rudisha hilo begi. Si chola."

"Mzee, usituchezee."

"Haikuona moto. Hiyo ndiyo shida yake. Niliweka maji ya mfereji hivi hivi. Caren aliniambia nichemshe kama mama yake, nikakataa. Nilijua ni machafu. Niliyaona."

Daktari Mujahid akatoa kalamu, akauliza ni chupa ngapi, zilitengenezwa lini, nani wengine wamekula, zilizobaki ziko kwa nani. Joram alitaja kila jina alilolijua. Katikati ya majina sauti yake ikapanda, akauliza na maji yenyewe ni ya nani, nani anayalipisha wananchi kila mwezi na kuwapa tope.

"Hilo nalo nitaandika, Mzee," daktari akasema bila kuinua macho. "Lakini wenzako pia wanapewa hilo tope, na wanalichemsha."

Joram akarudi kwenye majina. Okinyi hakumpiga, ingawa ami yake alimshika mkono akidhani atampiga. Alitema mate sakafuni, karibu na kiatu cha Joram, kisha akainama akasukuma begi chini ya kitanda.

*

Joram alizunguka mtaani siku nzima iliyofuata, nyumba kwa nyumba, akiomba arudishiwe achari yake. Wengine walikuwa wameshaimaliza na wako wazima. Wengine walimpa chupa kwa ncha za vidole. Mama Lornah alimrudishia yake ikiwa haijafunguliwa, akamwambia kwamba afadhali ingekuwa chola, chola haina aibu. Joram alizimwaga zote chooni. Afisa wa afya alifika siku ya thelathini, kijana mpole mwenye buti safi, akabandika karatasi. Obonyo alikata jina la Milka kwa rula, mstari ulionyooka. Meza ikapewa mwanamke mmoja anayeitwa Debra, muuza mandazi, ambaye alikuja hadi nyumbani kuomba msamaha kwa kosa lisilokuwa lake. Caren alimshukuru, akamwonyesha mguu wa meza unaohitaji kigingi.

Wale wagonjwa wengine wawili walipona. Nabututu aliruhusiwa baada ya siku tano. Joram alingoja siku mbili nyingine kisha akaenda kwake. Mke wa Okinyi alimpa kiti karibu na mlango, akamletea chai, akaiweka chini, mbali kidogo na mkono wake.

Nabututu alikuwa amelala mkekani, mto mgongoni. Alimsikiliza akiomba radhi mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwake.

"Mimi nilisema haipikwi kwa sababu ya masikio yao," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mimi si Mjaluo. Ningekula hata ugali wa moto wako, kama ungenipa. Ungechemsha tu, shemeji. Ungefunga mlango, uchemshe. Nani angeona?"

"Mimi ningeona."

Nabututu akajigeuza kwa shida, akaelekea ukutani.

"Na Caren?" akauliza kutoka huko. "Sasa atakaa wapi?"

Nje, watoto wa jirani walikuwa wakiimba wakiruka kamba. Joram aliendelea kukaa pale, mikono magotini, mpaka chai ikapoa ikafanya utando juu, na mke wa Okinyi akaja akaiondoa bila kumuuliza.